Boksi Mbele ya Rejeta

Ciza, uliniomba niwaandikie wewe na wenzako mambo ambayo sikuwahi kuyasema vizuri nikiwa nimeinama chini ya boneti. Basi haya hapa. Nimestaafu wiki tatu tu. Mgongo umeanza kunishukuru, lakini hasira zangu bado hazijapata habari kwamba tumeacha kazi. Asubuhi naamka nikiwaza waipa za watu.

Na nianze na hizo waipa. Johannesburg, tangu Mei hadi Septemba, mvua hainyeshi. Asubuhi baridi inakata masikio, mchana jua linachoma, na hewani kuna vumbi na majivu ya nyasi zinazoungua kando ya barabara. Mpira wa waipa unakaa juu ya kioo miezi yote hiyo hadi unakuwa mgumu kama ukoko wa ugali. Mwenye gari hana habari nao. Kisha alasiri moja ya Oktoba mbingu inafunguka, mvua ya mawe inashuka, naye yuko katikati ya barabara kuu anagundua kwamba waipa zake zinachora tu kioo. Kesho yake anakuja gereji pamoja na wenzake ishirini, wote wana haraka, wote wanauliza kwa nini hatukuwaambia. Tuliwaambia Agosti, tukawaambia Septemba, tukabandika na karatasi getini. Sikio la kufa halisikii dawa.

Nikiendelea hivyo mtadhani miaka yangu ya huku ilikuwa ya kulaumu wateja peke yake. Kweli, nyingi zilikuwa hivyo. Lakini hasira kubwa kuliko zote haikuletwa na mteja. Nilijiletea mwenyewe, na hiyo ndiyo nataka muijue kabla hamjaanza kujiona mafundi.

Nilifika gereji ya Bwana Kombo, pale La Rochelle, Januari 2015, nikiwa na miaka hamsini na nane na spana zangu ndani ya mfuko wa unga. Kombo mnamjua: Mtanzania wa Tanga, sauti ya chini, maneno ya kuchoma. Aliutazama mfuko wangu, akaniuliza nilikuwa nafanya kazi wapi.

“Uvira,” nikamjibu. “Miaka thelathini na miwili.”

“Uvira kuna joto?”

“Sana.”

“Basi huku utajifunza upya, mzee mwenzangu. Gari la hapa lina misimu miwili, na kila msimu una matunzo yake.”

Nilicheka kwa heshima. Moyoni nilisema, huyu Mtanga ni mdogo wangu kwa miaka minne, atanifundisha nini mimi kuhusu rejeta?

Alinifundisha mengi, na mengine nilikataa kuyashika. Alikuwa na mpango wake wa kulitoa gari kwenye baridi, na mpaka leo sijaona ulio bora. Anaanza na betri, kwa sababu baridi ya Julai huiua polepole na mwenyewe hajui hadi siku linapogoma. Kisha anabinya mipira yote ya maji kwa vidole. Ukisikia inatoa sauti ya kukauka, badilisha, usibishane nayo. Kisha anaweka tochi nyuma ya rejeta na kuchungulia kwa mbele. Mwanga usipopita, ujue majivu na wadudu wameziba, na ioshwe kwa maji ya taratibu kutoka upande wa injini, si kwa ile mashine ya kuoshea inayolaza mapezi yote membamba ya rejeta. Kisha anajaza kulanti, ile dawa ya kupozea injini, siyo maji ya bomba. Halafu tairi. Na maua ya mijakaranda yakianza kudondoka, unachokonoa matundu ya kupitisha maji chini ya kioo cha mbele, la sivyo mvua ya kwanza inaingia miguuni mwa dereva.

Sasa nawaeleza kosa langu. Kwetu Uvira gari likichemsha, jambo la kwanza fundi anafanya ni kung'oa themostati. Nyinyi mnaijua, ila naandika kwa yeyote atakayesoma: ni kidude cha shaba kinachokaa kwenye njia ya maji ya injini. Injini ikiwa baridi kinafunga, maji yabaki ndani yapate joto. Ikishapata joto kinafungua, maji yaende kwenye rejeta yakapoe. Kikichoka hukwama kimefunga, na injini inaungua. Sisi tuliona dawa ni moja tu: king'oe, maji yapite muda wote. Kwa joto la kule, na magari yaliyochoka namna ile, hatukuona ubaya. Mwalimu wangu alifanya hivyo, na mwalimu wake pia. Mazoea yana taabu.

Basi Januari ile na Februari, kila gari lililoletwa kwangu limechemsha nililing'oa themostati. Nilifanya kimya kimya, Kombo akiwa upande wa pili wa uwanja. Wenye magari sikuwaambia, maana nani anamweleza mteja kila boliti? Magari yakapoa, nikapata jina. Watu wa kwetu walikuja hata kutoka Berea kumtafuta Papa Bahati wa Uvira.

Mmoja wao alikuwa Mama Zawadi, mjane wa Bukavu, mwenye kombi nyeupe. Alibeba watoto kumi na wanne wa La Rochelle na Rosettenville, asubuhi kuwapeleka shule na mchana kuwarudisha. Hakuwa na kazi nyingine. Wale watoto walimjibu kwa Kiingereza kila akiwasemesha Kiswahili, naye wala hakujali, aliendelea na Kiswahili chake. Siku ya kwanza aliniambia bila kupamba: kombi ikilala siku moja, wazazi wanachelewa kazini, ikilala siku tatu, wanatafuta dereva mwingine. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, yuko mikononi mwa mtu mzima. Nikang'oa themostati yake.

Juni ikaja, na baridi yake. Wakaanza kurudi mmoja mmoja. Hita inapuliza baridi. Gari linakunywa petroli. Sindano ya joto imelala chini kama imekufa. Fundi mwenye akili angeng'amua hapo hapo na kurudisha alichokitoa. Mimi nilienda spaza, kile kiduka cha jirani, kuomba maboksi ya ndizi. Nikakata boksi, nikalisimamisha mbele ya rejeta, nikalifunga kwa waya. Upepo ukazuiwa, injini ikapata joto, hita ikapuliza moto. Watoto wa Mama Zawadi wakaacha kupuliza viganja. Watu wakaliita boksi la Papa Bahati, na nakiri kwamba nilijivuna. Kombo aliyaona maboksi, akadhani ni ya madereva wenyewe, maana wapo wanaofanya hivyo wakati wa baridi kali. Sikumsahihisha.

Mama Zawadi ndiye peke yake aliyeuliza swali la maana.

“Papa Bahati, na ile boksi nitaitoa siku gani?”

“Usiiguse,” nikamwambia. “Mpaka nikuambie miye. Hiyo siyo kazi ya dereva.”

“Sawa. Sitagusa.”

Joto la huku halibishi hodi. Mwishoni mwa Agosti unavaa koti, na wiki ya pili ya Septemba unatafuta kivuli. Mwaka ule lilinikuta na foleni ya betri zilizokufa na umeme unaokatwa kwa zamu. Naweka betri kwenye chaja, umeme unakwenda. Unarudi, mwenye betri keshafika anapiga honi getini. Nilikuwa nikifoka tangu saa mbili asubuhi hadi kufunga. Katika kufoka kule nikasahau maboksi. Mama Zawadi sikumwambia, wala sikumwambia mtu mwingine yeyote.

Ilikuwa Jumanne mchana. Kombi yake ilichemka kwenye foleni ya robot, yaani taa za barabarani, karibu na shule, watoto wote ndani. Aliona sindano inapanda, lakini pale hapakuwa na pa kuegesha ila ukingo wa barabara ambako malori yanapita. Hakutaka kuwashusha pale. Akageuza, akairudisha taratibu hadi geti la shule, na mwendo ule mfupi ndio uliomaliza injini. Watoto walisimama salama chini ya ukuta wa shule mpaka wazazi wakaja mmoja mmoja kuwachukua, kila mmoja ametoroka kazini. Kombi ililetwa kwetu ikivutwa kwa kamba.

Kombo alifungua boneti. Boksi lilikuwa pale pale nilipolifunga, kingo zake zimegeuka rangi ya chai.

“Mama, hii ni Septemba,” akasema. “Boksi la nini tena? Ulitaka kuoka injini?”

Mama Zawadi alinitazama. Alikuwa akinipa nafasi. Nami nilikuwa nimeshika kitambaa, nafuta mikono ambayo haikuwa na grisi.

“Wateja hawa, Bwana Kombo,” nikasema. “Ukiwaambia hawasikii.”

Mpaka leo nikikumbuka sentensi hiyo natamani kujizaba kibao. Mama yule aliinama ndani ya kombi, akakusanya chupa za maji ambazo watoto walisahau, akazitia kwenye mfuko, akaondoka kwa miguu. Niliona aibu, nikaendelea kufuta mikono.

Alasiri Kombo alifungua mahali pa themostati, akakuta patupu. Akaniuliza iko wapi. Nikasema labda aliyekuwa na gari kabla yake aliitoa. Kombo akanitazama kidogo, akajibu, “Labda.” Kisha tukatoa silinda hedi. Gasketi ilikuwa imeungua na hedi yenyewe imepinda. Ukiweka rula juu yake unaona mwanga unapita katikati.

Kesho yake asubuhi nilimkuta amefungua gari lingine lililopita mikononi mwangu. Nalo tupu. Akafungua la tatu. Alipomaliza alijifuta mikono bila haraka.

“Bwana Bahati,” akasema, “mji huu una wezi wa ajabu. Wanaacha redio, wanaiba themostati.”

Sikuweza kuendelea. Nilikwenda kwenye kabati langu nikatoa kopo la maziwa ya unga, nikalimimina juu ya meza ya kazi. Themostati zilikuwa kumi na moja. Nilikuwa nimezitunza kwa sababu shaba ni shaba, mtu haitupi. Nikamweleza yote, pamoja na boksi, na jinsi nilivyomwambia yule mama asiliguse. Nilidhani atanifukuza. Kombo alizipanga zile themostati mstari mmoja kwa kidole.

“Mficha uchi hazai,” akasema. “Mama mwenyewe umemwambia?”

“Bado.”

“Sasa unaniambia mimi kwanza kwa nini? Mimi sina kombi. Nenda. Hii spana nitaishika mimi.”

Nilimkuta Mama Zawadi uani kwake, nyuma ya nyumba alimopanga chumba, simu sikioni. Alikuwa anazungumza na mzazi, anaomba siku chache. Aliniinulia kidole ningoje. Nikangoja nimesimama, na alipomaliza nikamwambia yote bila kukalia kiti alichonionyesha. Nilimwambia kidude nilichotoa bila ruhusa yake, na kwamba boksi lilikuwa la kufunika kosa langu, na kwamba alifanya sawasawa nilivyomwagiza na ndiyo sababu injini imeungua.

“Na jana ulimwambia Papa Kombo kama miye sisikii,” akasema.

“Nilisema uongo.”

“Ndiyo. Uongo.” Akaweka simu mezani. “Bazazi wamenipa mpaka siku ya Tano, hii Ijumaa. Kisha wanachukua dereva mwingine. Batoto kumi na nne, Papa. Miaka mitatu niliwatafuta, mmoja mmoja.”

Nikamwambia nitafanya kazi usiku na mchana. Akatikisa kichwa.

“Na magari ingine? Iko ngapi inatembea na ile boksi?”

“Nane. Mengine mawili Kombo ameshayafungua.”

“Basi enda kule kwanza. Yangu imeshaungua.”

Siku ile na ya pili yake ndizo zilizonizeesha. Kombo alibaki na kombi. Mimi nikazunguka La Rochelle, Rosettenville hadi Berea na mfuko wa themostati mpya, natafuta magari yangu. Mlidhani watu watashukuru? Walikataa. Mshonaji mmoja wa Kirundi alikuwa amelivalisha boksi lake nailoni ili mvua ikija lisilowe. Pasta mmoja wa Berea, mtu wa kwetu, alikuwa ameongeza boksi la pili nyuma ya la kwanza. Nilipotaka kuyatoa alisimama mbele ya gari.

“Papa Bahati, si weye ulisema hii boksi ndiyo inachunga injini?”

“Nilikosea, Pasta.”

“Injini haijawahi kufa tangu uiweke.”

“Haijafa kwa sababu unaendesha Jumapili tu.”

“Miye naiamini,” akasema.

“Pasta, bakiza imani kwa Mungu. Hii ni karatasi.”

Tulibishana hadi majirani wakatoka kwenye roshani. Nilipandwa na hasira kiasi kwamba niliweka mfuko chini nikakaa juu ya ukingo wa barabara. Na nilipokaa pale ndipo nilipoelewa. Wateja hawa walikuwa wamesikia vizuri mno. Walikuwa wameshika neno langu kuliko walivyoshika kitabu cha gari. Hakuna aliyekuwa kiziwi hapo. Fundi ndiye aliyewaambia upuuzi, tena kwa sauti ya mtu anayejua. Nikamweleza Pasta habari ya Mama Zawadi, bila kujipunguzia. Akaondoka mbele ya gari, akafungua boneti mwenyewe.

Silinda hedi ilikuwa kwa mchonga vyuma wa kuinyoosha, ambaye alituahidi Alhamisi. Alhamisi umeme ulikatwa, mashine ikalala. Akaahidi Ijumaa. Ijumaa ukakatwa tena, nami nikasimama mlangoni kwake mchana kutwa nikiangalia hedi ya mama wa watu imefungwa kwenye mashine isiyozunguka. Tuliipata Jumamosi jioni. Jumapili Kombo alikuja na chai, tukafunga pamoja, themostati mpya ndani, kulanti safi, na Jumatatu asubuhi kombi iliwaka vizuri kuliko siku niliyoipokea.

Watoto kumi na mmoja walikuwa wameshachukuliwa na dereva mwingine. Watatu walibaki, wale ambao Mama Zawadi aliwapeleka shule kwa miguu wiki ile yote, amewashika mikono. Kombi ya watu kumi na wanne ikawa inabeba watatu mpaka shule zilipofungwa. Mwaka uliofuata alianza tena kutafuta, nyumba kwa nyumba, kama alivyofanya mwanzo, na ilimchukua mwaka mzima kuijaza. Mimi nilikuwa nikiiona inapita na viti vitupu kila asubuhi wakati nafungua geti. Sijui kama kuna adhabu ya fundi inayozidi hiyo.

Nilidhani atahamia gereji nyingine. Agosti 2016, kabla mteja yeyote hajakumbuka kwamba baridi inaisha, aliingia na kombi, akanipa ufunguo, akasimama karibu na bega langu.

“Fungua nione.”

Nilimwambia themostati ipo, nimeiweka kwa mkono wangu. Akabaki pale pale. Nikamwaga kulanti, nikafungua, nikaitoa, nikamwonyesha. Haikutosha. Akataka kuona kama inafanya kazi. Basi nikaichemshia maji kwenye sufuria ya chai ya Kombo, nikaitumbukiza imefungwa kwa uzi, na tukaitazama ikifunguka polepole, halafu ikifunga nilipoitoa. Ndipo akasema, “Sawa. Rudisha.”

Agosti 2017 vivyo hivyo. Agosti 2018 vivyo hivyo. Iliniudhi, siwafichi. Iliniudhi mbele ya wateja wengine, iliniudhi kwa kulanti iliyomwagwa bure na gasketi iliyobadilishwa kabla haijachoka. Nilimlalamikia Kombo. Akaniambia ningekuwa na wateja watano wa namna hiyo tangu Uvira ningekuwa fundi mzuri sana. Nikakasirika siku nzima, na nikaanza kuwaonyesha wateja wengine bila kuombwa: hiki nimetoa, hiki nimeweka, hiki sijui bado. Ni kazi ya kuchosha. Watu wanauliza maswali ya kipuuzi, wanashika vitu vya moto, wanakuelekeza. Fanyeni hivyo hivyo.

Mwaka huu, Ciza, ulikuwepo. Ilikuwa wiki yangu ya mwisho, nimevaa shati safi, spana nimekukabidhi wewe, nami nimesimama karibu nawe upande wa injini ili nikuelekeze. Mama Zawadi aliingiza kombi, viti vyote vimejaa mikoba ya shule. Alijua naondoka. Hakunipa mkono wa kwaheri wala hakunishukuru, na sikutegemea. Alikupa wewe ufunguo.

Kisha akanitazama mimi nilivyosimama pale.

“Papa Bahati, toka huko kwa mafundi. Kuya huku.”

Nikazunguka mbele ya gari nikaenda upande wake. Alihamisha mfuko wake kwenye bega la pili ili nipate nafasi ya kusimama.

“Fungua,” akakuambia. “Tuone.”